Ngoma Ivumayo Haidumu? Kuvuma na Kudumu kwa Mwimbaji katika Lugha ya Mashabiki



1. Utangulizi

Palipo na mwimbaji pana mashabiki, na palipo na mashabiki hapakosi ubishi. Katika vijiwe vya kahawa vya Kariakoo, ndani ya daladala, katika saluni na kwenye kumbi za dansi, watu wazima na vijana hushindana kwa maneno kuhusu waimbaji wawapendao. Anayesikiliza ubishi huo kwa makini atagundua kwamba swali linalowagawa wabishi mara nyingi si kama mwimbaji fulani ana sauti nzuri. Hilo huwa limekwisha kukubaliwa au kukataliwa zamani. Swali ni kama mwimbaji huyo atadumu; na ikiwa amekwisha kuwa mtu mzima, kama kweli amedumu au amebakiza jina tu.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kuichunguza lugha inayotumika katika ubishi huo. Wataalamu wa fasihi wameyachambua mashairi ya taarab, na wanahistoria wameandika kuhusu beni, dansi na muziki wa kizazi kipya. Lugha ya mashabiki wenyewe haijapewa uzito kama huo, pengine kwa sababu imeonekana kuwa ni porojo za mitaani. Hata hivyo, ni katika porojo hizo ambamo jamii ya Waswahili huamua nani amefanikiwa na mafanikio ni nini.

Hoja itakayojengwa hapa ni moja. Lugha ya mashabiki humfanya mwimbaji kuwa mtenda wa kila kinachompata: yeye ndiye avumaye, yeye ndiye achujaye, yeye ndiye adumuye. Ukweli wa maisha ya waimbaji unaonyesha kwamba kuvuma kunaweza kuwa kazi ya mtu mmoja, lakini hakuna aliyedumu bila ya kudumishwa. Ili kuithibitisha hoja hiyo, utachunguzwa kwanza msamiati wa mashabiki, kisha sarufi yao, na mwisho maisha ya waimbaji watatu wa Tanzania: Mbaraka Mwinshehe, Muhidin Maalim Gurumo, na Naseeb Abdul Juma ajulikanaye kama Diamond Platnumz.

2. Kuvuma na Kudumu

Methali isemayo "Ngoma ivumayo haidumu" inaweka vitenzi viwili ana kwa ana. Kitenzi cha kwanza, vuma, ni cha asili ya Kibantu na maana yake ya msingi ni sauti. Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma. Kutokana na sauti hiyo ikapatikana maana ya kujulikana sana, kwa kuwa kitu chenye mvumo husikika na watu walio mbali ambao hawakioni. Si ajabu basi kwamba katika mzizi huohuo limetoka neno uvumi, yaani habari inayosikika pasipo mwenyewe wa kuithibitisha. Mwimbaji avumaye na uvumi unaomfuata ni ndugu wa mzizi mmoja, na mashabiki hulijua hilo kwa uzoefu hata kama hawajalisoma kitabuni.

Kitenzi cha pili, dumu, kimetoka katika Kiarabu na maana yake ni muda. Ni kitenzi kisicho na sauti wala mwendo. Husemwa ndoa imedumu, amani imedumu, ugonjwa umedumu. Kuvuma hupimwa kwa umbali: sauti imefika wapi. Kudumu hupimwa kwa miaka: kitu kimefika lini. Methali inapoviweka pamoja inatoa onyo kwamba aliyefika mbali kwa haraka huenda asifike mbali kwa muda. Ngozi ya ngoma inayopigwa kwa nguvu ndiyo inayopasuka kwanza.

Yafaa izingatiwe kwamba methali haisemi ngoma itadumishwa au haitadumishwa. Haimtaji mpigaji, haimtaji aliyeiwamba ngozi, haimtaji mwenye kuianika ngoma juani ili ilie vizuri. Ngoma imeachwa peke yake na nasibu yake. Ndivyo ilivyo pia katika mazungumzo ya mashabiki.

3. Msamiati wa Kupanda na Kushuka

Maneno ambayo mashabiki huyatumia kueleza safari ya mwimbaji yanaweza kugawanywa katika makundi kwa kufuata taswira inayobebwa na kila neno.

Kundi la kwanza ni la mmea na maji. Mwimbaji mpya ni chipukizi, neno litokanalo na kitenzi chipuka. Yeye pia huibuka, kama kitu kilichokuwa chini ya maji. Maneno haya yana huruma ndani yake, kwa kuwa chipukizi hutarajiwa kumwagiliwa, na aliyeibuka hutarajiwa kuvuta pumzi.

Kundi la pili ni la mwanga. Mwimbaji ni nyota. Anang'ara, kisha anafifia, kisha anazimika. Kundi la tatu ni la nguvu na majivuno: anatamba, anatesa, anakimbiza. Kitenzi tamba kina maana ya kujigamba na kutembea kwa maringo, na katika baadhi ya maeneo husemwa pia kutamba hadithi. Mwimbaji anayetamba, kwa hiyo, ana jukwaa na ana wasikilizaji.

Kundi la nne, ambalo ni muhimu zaidi kwa mhadhara huu, ni la vitenzi vya nyumbani vilivyopewa kazi mpya. Mfano wa kwanza ni chuja. Kwa maana ya kawaida, kuchuja ni kutenganisha maji na machicha, kama tui la nazi linavyochujwa. Umbo la chujuka lina maana ya kupoteza rangi, kama khanga iliyofuliwa mara nyingi. Mashabiki wanaposema kwamba msanii "amechuja" wanakusudia maana hii ya pili, yaani amepauka, lakini wanatumia umbo la kutenda badala ya umbo la kutendeka. Mfano wa pili ni fulia. Hili ni umbo la kutendea la fua, na katika matumizi ya kawaida hudai yambwa: mtu humfulia mwenzake nguo. Katika lugha ya mitaani yambwa imeondolewa, na "amefulia" ikawa na maana ya kuishiwa fedha. Mashabiki hulitumia pia kwa mwimbaji ambaye nyimbo zake hazisikiki tena, kana kwamba kukosa kusikika na kukosa fedha ni jambo moja.

Mabadiliko haya si ya bahati nasibu. Katika mifano yote miwili, sarufi imemweka mwimbaji katika nafasi ya mtenda. Khanga haijichujui; huchujuka kwa jua, kwa sabuni na kwa mikono ya mfuaji. Lakini mwimbaji, kwa lugha ya mashabiki, huchuja mwenyewe. Jua halitajwi, wala mfuaji.

Kundi la mwisho linahusu uzee. Hapa Kiswahili kinaonyesha ustadi wake wa ngeli. Shina -kongwe lina maana ya umri mkubwa uliochanganyika na uchakavu. Likipewa kiambishi cha ki-, hupatikana kikongwe, yaani mzee aliyedhoofika na anayehitaji kushikwa mkono. Likipewa kiambishi cha m-, hupatikana mkongwe, na katika lugha ya muziki na michezo neno hili ni la heshima: mwenye uzoefu, aliyewatangulia wengine. Tofauti ya kiambishi kimoja hutenganisha heshima na huruma. Waimbaji wengi wa Tanzania wamekuwa wakongwe jukwaani na vikongwe nyumbani, katika mwaka uleule.

4. Upande Kabla ya Mwimbaji

Kabla ya kuingia katika sarufi ya ubishi, ni vyema kukumbuka kwamba shabiki wa Kiswahili mara nyingi huanza na upande ndipo afike kwa mwimbaji. Desturi hii ni kongwe. Vyama vya beni vilivyoenea katika miji ya pwani na bara mwanzoni mwa karne ya 20 viligawanyika katika Marini na Arinoti, na ushindani wao wa mavazi, gwaride na nyimbo uliigawa miji mizima. Katika miaka ya 1990, Dar es Salaam ilishuhudia ushindani wa taarab baina ya Tanzania One Theatre, alikokuwa Khadija Kopa, na Muungano, alikokuwa Nasma Khamis. Katika miaka ya 2010 vijana walijiita Timu Diamond na Timu Kiba.

Katika muziki wa dansi pande mbili kuu zilikuwa Msondo na Sikinde. Majina yote mawili ni ya ngoma za asili zilizopewa kazi ya mjini. Msondo ni bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kilipokuwa OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, bendi ikawa OTTU Jazz. Na hatimaye ikabaki na jina la Msondo Ngoma. Sikinde ni Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978 na kuchukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC.

Historia hii fupi ina funzo. Bendi zilikuwa za taasisi: chama cha wafanyakazi, shirika la jiji, jeshi, polisi, kiwanda cha nguo. Ala zilikuwa za taasisi, jina lilikuwa la taasisi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa aliyepokea mshahara. Shabiki alibisha kuhusu mwimbaji, lakini kilichombeba mwimbaji huyo kilikuwa nje ya ubishi.

5. Njeo Tatu, Waimbaji Watatu

Uchunguzi wa mazungumzo ya mashabiki unaonyesha kwamba waimbaji hawajadiliwi wote kwa sarufi moja. Aliyefariki akiwa kileleni hujadiliwa kwa masharti yasiyowezekana. Aliyezeeka jukwaani hujadiliwa kwa neno bado. Na aliye kileleni hujadiliwa kwa wakati ujao.

5.1 "Angelikuwa hai": Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944, akajipatia jina akiwa na Morogoro Jazz, akaenda na bendi hiyo Osaka, Japani, katika maonyesho ya mwaka 1970, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, akiwa na umri wa miaka 34. Muda wake wote wa kuimba haukufika miaka 20.

Shabiki anapomzungumzia Mbaraka hutumia kiambishi -nge- au -ngeli-: angelikuwa hai, muziki wa Tanzania ungelikuwa mbali, angelikuwa hai, nani angelimsogelea? Sentensi za aina hii zina raha yake, kwa kuwa hakuna awezaye kuzikanusha. Mauti yalimwondolea Mbaraka uwezekano wa kuchuja. Hakuna aliyemwona akiimba kwa sauti iliyokwaruza katika ukumbi wenye viti vitupu.

Tangu mwaka 1979 nyimbo zake zimeendelea kupigwa kwa muda unaozidi maradufu ule aliouimbia. Kwa kipimo cha miaka, basi, Mbaraka amedumu zaidi akiwa kaburini kuliko alivyodumu akiwa hai. Ni dhahiri kwamba mtenda wa kitenzi hiki si yeye. Waliofanya kazi hiyo ni waliozitunza kanda katika maktaba ya redio, waliotoa tena santuri zake Nairobi, bendi zilizopiga nyimbo zake kwa kuziiga, na wasikilizaji waliotuma salamu wakiomba nyimbo hizo zirudiwe.

Hapa linafaa kuangaliwa neno zilipendwa, ambalo ndilo jina la nyimbo za zamani katika vipindi vya redio na kwenye matangazo ya kumbi. Kisarufi ni kitenzi kizima kilichogeuzwa kuwa nomino: kiambishi zi- cha nyimbo, njeo -li- ya wakati uliopita, na kauli ya kutendwa. Kwa maneno mengine, ni nyimbo ambazo watu walizipenda. Sarufi inadai mapenzi yamekwisha, ilhali hakuna redio ambayo ingezipiga kama yangekuwa yamekwisha. Neno linasema ziliwahi kupendwa. Kitendo cha kuzipiga kinasema zingali zinapendwa. Hata hivyo, neno hili lina sifa moja ambayo maneno mengine ya mashabiki hayana: kwa kauli yake ya kutendwa, linakiri kwamba yupo aliyependa.

5.2 "Bado anaimba": Muhidin Maalim Gurumo

Muhidin Gurumo alianza kuimba mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawa miongoni mwa waimbaji wa NUTA Jazz tangu ilipoanzishwa. Mwaka 1978 alikuwa mmoja wa waliojenga Mlimani Park. Mwaka 1985 yeye na wenzake kadhaa walichukuliwa na Orchestra Safari Sound, iliyokuwa ya mfanyabiashara binafsi. Baadaye alirudi Msondo, na huko akabaki hadi alipotangaza kustaafu mwaka 2013. Kwa kuwa alizitumikia pande zote mbili, mashabiki wa Msondo na wa Sikinde kila mmoja alimdai kuwa wake.

Kwa mwimbaji wa namna hii, neno kuu katika mazungumzo ya mashabiki ni bado. Bado anaimba. Bado yumo. Sauti bado anayo. Katika sentensi yakinishi, bado hubeba dhana kwamba jambo lilitarajiwa kuwa limekwisha. Hakuna asemaye kuhusu kijana wa miaka 20 kwamba bado anaimba. Neno hili husifu na papo hapo huashiria mwisho. Mwimbaji anayesifiwa kwa bado anaambiwa kwa adabu kwamba watu walikwisha kujiandaa kumkosa.

Jambo lingine ambalo neno bado hulificha ni sababu. Kwa nini mtu mwenye umri unaozidi miaka 70 bado anaimba? Shabiki hujibu kwamba ni kipaji, ni mapenzi ya kazi, ni ukongwe. Majibu hayo yanaweza kuwa ya kweli yote. Lakini liko jibu la nne, nalo ni kwamba huenda hana namna nyingine ya kuishi. Nyimbo zilizorekodiwa Redio Tanzania katika enzi za bendi za taasisi zilipigwa hewani kwa miongo mingi, na kupigwa huko hakukuwa na maana ya malipo kwa aliyeziimba. Aliyetaka kula kwa sauti yake ilimlazimu apande jukwaani jioni ileile.

Agosti 2013, katika hafla ya kuzindua wimbo wake mpya jijini Dar es Salaam, Diamond Platnumz alimkabidhi Gurumo zawadi ya gari. Mwimbaji mwenye umri wa miaka 23 alimpa gari mwimbaji aliyeimba kwa zaidi ya nusu karne. Gurumo alifariki Aprili 2014, miezi michache baada ya kustaafu.

Tukio hilo linaweza kutazamwa kwa namna mbili, na zote mbili ni za haki. La kwanza ni kwamba lilikuwa tendo la adabu ambalo utamaduni wa Mswahili unalitambua: mdogo kumheshimu mkubwa mbele ya watu. La pili ni gumu zaidi. Ikiwa kudumu ndiyo mafanikio, Gurumo alikuwa amefanikiwa kuliko kila aliyekuwamo ukumbini usiku ule. Iweje basi aliyedumu apewe, na anayevuma awe ndiye mpaji?

5.3 "Atadumu?": Diamond Platnumz

Naseeb Abdul Juma alizaliwa mwaka 1989 na kukulia Tandale. Alijulikana kwa wimbo Kamwambie, na mwaka 2010 akapata tuzo tatu za muziki za Kilimanjaro kwa mkupuo. Wakati huo methali ya ngoma ivumayo ilikuwa na kazi kubwa midomoni mwa mashabiki. Njeo iliyotumika ilikuwa ya -ta-: atachuja tu, ataona, tutamsikia mpaka lini? Mshindani wake mkuu katika fikra za mashabiki, Alikiba, alikuwa ametangulia kuvuma kwa wimbo Cinderella wa mwaka 2007. Alipokaa kimya kwa miaka kadhaa ilisemwa kwamba amepotea. Alipotoa wimbo Mwana mwaka 2014 ilisemwa kwamba amerudi. Mtu hakuwa amekwenda popote. Katika lugha ya mashabiki, kunyamaza ni safari.

Wimbo wa Diamond wa mwaka 2013, ambao toleo lake la pili alimshirikisha Davido wa Nigeria, ulimtoa nje ya mipaka ya Afrika Mashariki. Lakini yaliyofuata ndiyo yanayouhusu mhadhara huu. Mwimbaji huyu hakuridhika na kuimba. Alianzisha kampuni yake ya kurekodi na kusimamia waimbaji wengine, kisha kituo cha redio na cha televisheni. Kwa lugha ya isimu, aliona kwamba kitenzi dumu kina umbo la kusababisha, dumisha, akaamua kuvimiliki vyombo vinavyodumisha. Kile ambacho kwa Gurumo kilikuwa mali ya chama na shirika, kwake kimekuwa mali yake.

Je, huo ndio mwisho wa tatizo? Haielekei. Mwimbaji mmoja kumiliki redio ni suluhisho la mwimbaji mmoja. Waimbaji wengine wote wamebaki palepale, wakingoja wenye vyombo waamue kuwadumisha au kuwaacha. Methali nyingine yasema, "Wavumao baharini papa, kumbe wengi wapo." Nyuma ya kila mwimbaji aliyetajwa hapa walikuwapo wapiga magitaa, wapuliza tarumbeta, watunzi na waitikiaji ambao mashabiki huwakumbuka kwa shida. Bahari haikujaa papa peke yao.

6. Kudumu, Kudumishwa na Kutunzwa

Msikilizaji anaweza kuuliza kama mashabiki wanatakiwa kulaumiwa kwa haya. Jibu ni hapana, na ushahidi uko katika Kiswahili chenyewe. Kipo kitenzi kimoja ambacho mashabiki wamekitumia tangu zamani na ambacho kina jibu la swali lililoulizwa. Kitenzi hicho ni tunza.

Kutunza kuna maana mbili. Ya kwanza ni kuangalia kitu kwa uangalifu kisiharibike: mtu hutunza mtoto, hutunza shamba, hutunza siri. Ya pili ni kumpa zawadi mchezaji au mwimbaji aliyefurahisha. Katika kumbi za taarab mashabiki huinuka wakiwa na noti mkononi, huenda mbele kwa mwendo wa madaha, na kumtunza mwimbaji. Umbo la tuza, lililo ndugu yake, ndilo linalotoa neno tuzo. Hivyo basi, katika fikra za Waswahili walioijenga lugha hii, kumzawadia mwimbaji na kumhifadhi asiharibike ni tendo moja lenye jina moja. Isitoshe, ni kitenzi elekezi: hudai mtenda na mtendwa. Haiwezekani kusema mwimbaji "ametunza" kwa maana ya kwamba amezawadiwa. Lazima atajwe aliyemtunza, au itumike kauli ya kutendwa, ametunzwa.

Tatizo ni kwamba kutunza kwa ukumbini kuna mpaka. Hutendeka mwimbaji akiwa jukwaani tu. Sauti ikiondoka, noti huondoka. Kinachotakiwa ni namna ya kutunza inayoendelea wakati mwimbaji amelala nyumbani na wimbo wake unapigwa redioni, hotelini au ndani ya basi la safari ndefu. Namna hiyo ina jina: mrabaha. Neno hili lina mzizi wa Kiarabu wenye dhana ya faida. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ilipitishwa mwaka 1999, na chombo cha kusimamia haki hizo, COSOTA, kikaundwa chini yake. Hata hivyo ilichukua miaka mingi kabla ya wanamuziki kuona matunda: ugawaji wa mirabaha uliofanywa na COSOTA Januari 2022 ulikuja zaidi ya miongo miwili baada ya sheria, na karibu miaka minane baada ya kifo cha Gurumo.

Hadi leo neno mrabaha ni geni katika ubishi wa kijiweni. Shabiki anaweza kubisha usiku kucha kuhusu nani amechuja na nani bado anatesa, asiulize hata mara moja kama wimbo anaousikia wakati huo umemlipa aliyeuimba. Wenye mamlaka ni wepesi wa kusahau wasichoulizwa, na watu hawaulizi jambo wasilokuwa na neno lake midomoni.

7. Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba lugha ya mashabiki si porojo. Ina msamiati wenye taswira, ina sarufi inayobadilika kwa kufuata hali ya mwimbaji, na ina falsafa ya mafanikio. Imeelezwa kwamba falsafa hiyo ina pengo: humwachia mwimbaji peke yake mzigo wa kudumu, na pale anaposhindwa humhesabia kwamba amechuja kwa hiari yake.

Yako mambo mawili yanayowapasa wanataaluma. Kwanza, maneno ya mashabiki yakusanywe na kuingizwa katika kamusi pamoja na maana zake mpya, kwa sababu humo ndimo mtafiti wa miaka ijayo atakapojua jinsi watu wa enzi hizi walivyoyapima maisha ya wasanii wao. Pili, neno mrabaha litolewe katika sheria na lipelekwe kijiweni, lizoeleke kama lilivyozoeleka neno tuzo.

Na shabiki, kwa upande wake, anayo nafasi ya kuirekebisha methali yake. Ngoma ivumayo haidumu ikiwa itapigwa kisha itupwe nje inyeshewe. Ngoma hiyohiyo ikiondolewa mvuani, ikapakwa mafuta, ikawambwa upya ngozi ilipochakaa, wajukuu wataicheza. Anayetaka kujua kama mwimbaji wake atadumu asimtazame mwimbaji peke yake. Aulize pia ni nani anayemtunza, na kama katika orodha hiyo yeye mwenyewe yumo.